Namba za kubahatisha kutoka kwenye kelele za transista

Watu wananiuliza kwa nini nahangaika na risasi ya kulehemu na waya wakati kila lugha ya programu ina random() yake ya kutoa namba za kubahatisha. Jamani, ile haibahatishi kitu, ni hesabu tu, ukijua imeanzia wapi unaijua mpaka mwisho. Kwa gemu sawa, ila kwa funguo za siri ni balaa. Waulize Debian (wale wa Linux), OpenSSL yao, programu inayotengeneza funguo hizo, ilikaa na kasoro toka 2006 mpaka Mei 2008, kitu pekee kilicholeta utofauti ikabaki namba ya prosesi (ile kompyuta inayoipa kila programu inayoendeshwa), kwahiyo kila aina ya ufunguo ilikuwa na uwezekano usiozidi 32,768. Laptop ya kawaida inazimaliza zote.

Sasa chukua transista ya NPN, mi napenda 2N3904, ukizunguka Kariakoo huikosi. Ina miguu mitatu: kolekta iache inaning'inia, beisi peleka graundi, emita iunge kwenye volti 12 kupitia rezista kubwa. Ndio, kinyumenyume. Datashiti (karatasi ya vipimo ya mtengenezaji) inasema upande huo usizidishe volti 6, sisi tunazidisha makusudi ili elektroni zigongane na kung'oa zingine, mkondo uanze kurukaruka hovyo, na huko kurukaruka ndo mali yenyewe. Rezista usiiache aisee, utaunguza. Mawimbi ni madogo kwahiyo unayakuza kwanza, alafu komparata (chipu ya kulinganisha volti) inaamua, juu ya kiwango 1, chini 0, na kila 1 au 0 ni biti moja.

Hapo wengi wanashangilia, wakati kazi ndo inaanza. Weka osiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme) kwenye sakiti uone: mara nyingi kuna wimbi limejipanga vizuuri linajirudia kila milisekunde 20. Hiyo sio kelele, ni umeme wa ukutani wa hezi 50 umejipenyeza. Tumia betri, fupisha waya, funika na bati lililoungwa graundi.

Alafu 1 na 0 hazilingani. Mwanahisabati John von Neumann mwaka 1951 alitoa ujanja mtamu: soma biti mbili mbili, 01 andika 0, 10 andika 1, 00 na 11 tupa. Tuseme 1 inatokea asilimia 60, basi 01 ni asilimia 24 na 10 nayo 24, ngoma droo, ila zaidi ya robo tatu ya biti zimeenda na maji. Na inafanya kazi pale tu biti moja haitegemei nyingine, hezi 50 ikiwepo umeliwa.

Kingine, vipimo vya takwimu fanya kwenye biti mbichi, sio baada ya kupitisha SHA-256 (hesabu inayovuruga data mpaka ionekane haina mpangilio). Ukiipa SHA-256 namba 1, 2, 3 na kuendelea, itakutolea kitu kinachofaulu kila kipimo wakati ndani hamna bahati yoyote, yaani kufaulu pale hakukwambii chochote kuhusu transista yako.

Mvivu wa kuunga waya? ESP32 (chipu ndogo yenye WiFi) ina jenereta yake ya namba za kubahatisha ndani, ila washa WiFi au Bluetooth kwanza, bila hivyo (au bila kuwasha chanzo chake kingine cha kelele) unapewa hesabu tu.