Simu inashika Wi-Fi, kompyuta inakataa

Kabla hujagusa ruta, chukua simu. Zima data ya laini, ibaki na Wi-Fi peke yake, kisha fungua ukurasa wowote. Nayo ikikwama, usiihangaikie kompyuta: huenda bando limekwisha, au umeme ndio kwanza umerudi na ruta bado inatafuta mtandao. Simu ikifungua, ugonjwa uko kwenye kompyuta.

Na tafadhalini, kile kitufe cha RESET nyuma ya ruta kiacheni. Kuzima na kuwasha ni salama. RESET hufuta nenosiri na mipangilio yote, nyumba nzima ikabaki gizani kwa kosa la kompyuta moja.

Jina la mtandao halionekani kabisa? Angalia kama hali ya ndegeni imewashwa kwa bahati mbaya. Baadhi ya kompyuta za zamani hushika masafa ya Wi-Fi ya gigahezi 2.4 tu, kwa hiyo ruta inayotangaza gigahezi 5 peke yake hazitaiona. Nenosiri likikataliwa, iambie kompyuta isahau mtandao huo, uandike upya.

Kinachotuletea wateja wengi ni ule ujumbe wa "umeunganishwa, hakuna intaneti". Kwenye Windows fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika ipconfig, utazame anwani ya IPv4, yaani namba ya kompyuta kwenye mtandao. Anwani ikianza na 169.254, kompyuta haikupewa anwani na ruta, imejipa yenyewe. Huenda ruta ndogo ya mfukoni imeshajaza idadi ya vifaa inavyoruhusu. Kompyuta ya ofisini iliyowekewa anwani ya kudumu kwenye mipangilio huonyesha anwani hiyo badala yake; irudishe kwenye kupokea yenyewe.

Ikianza na 192.168, kwa kawaida mawasiliano na ruta yako sawa. Hapo mimi huuliza habari za VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine, ambayo watu huitumia kukwepa vizuizi. Waganda wengi tuliizoea tangu kodi ya mitandao ya kijamii ya Julai 2018, kisha Facebook ilipofungwa Januari 2021. VPN ya bure ikikatika katikati inaweza kuzuia kila kitu. Izime, ikibidi iondoe.

Mwisho tazama tarehe. Kompyuta ya mezani ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa hurudi miaka nyuma kila umeme unapokatika, na kivinjari hukataa vyeti vya usalama vya tovuti. Betri hiyo kwa kawaida ni CR2032, ya duara kama sarafu. Chomoa kompyuta ukutani kabla ya kuibadilisha.