Kwa nini mauaji hugeuka burudani? Kisa cha Ghala Jekundu

Je, wajua kwamba kamba iliyomnyonga mtu iliwahi kukatwa vipande na kuuzwa kwa inchi, kama kitambaa dukani? Ilikuwa tarehe 11 Agosti 1828, katika mji wa Bury St Edmunds, mashariki mwa Uingereza. Aliyenyongwa aliitwa William Corder, kijana wa miaka 25. Inasimuliwa kwamba inchi moja ya kamba yake ilikwenda kwa gini moja, yaani shilingi 21 za wakati ule. Kibarua wa shamba wa eneo hilo alihitaji zaidi ya wiki mbili za kazi kuipata pesa hiyo.

Umati uliofika kumtazama akinyongwa ulihesabiwa kwa maelfu, na haukuwa umati wa watu wenye roho mbaya. Walikuwa wakulima, wenye maduka, vijakazi na kina mama waliobeba watoto. Jirani yao akifiwa, walimlilia kwa dhati. Sasa ilikuwaje watu hao hao wakafunga safari alfajiri kwenda kuona kifo, kisha wakatafuta kumbukumbu ya kurudi nayo nyumbani?

Tuanze na kisa chenyewe, maana jibu kubwa limo humo.

Maria Marten alikuwa binti wa mkamata fuko, yule mnyama mdogo anayechimbua mashamba kwa chini, katika kijiji cha Polstead, mkoa wa Suffolk. Mwezi Mei 1827 alikuwa na miaka 25. Alikuwa na mtoto mdogo wa kiume aliyeitwa Thomas Henry, aliyemzaa na mwanamume mwingine, na alikuwa amezaa pia na Corder mtoto aliyefariki angali mchanga. Familia ya Corder ilikuwa na mashamba na uwezo kidogo. Corder akamwahidi ndoa. Wakapanga wakutane kwenye Ghala Jekundu, jengo lililokuwa kwenye mashamba ya kina Corder, kisha waende Ipswich wakafunge ndoa. Siku ya tarehe 18 Mei Maria alitoka kwao amevaa nguo za kiume ili asitambulike njiani. Hakuonekana tena.

Kwa karibu mwaka mzima Corder aliwapa wazazi wa Maria maelezo. Tumeoana, aliwaandikia, tunaishi kisiwa cha Wight. Maria haandiki kwa sababu anaumwa. Mara mkono wake umeumia. Mara barua imepotea njiani. Hatimaye mama wa kambo akaanza kusema anaota ndoto ile ile: Maria amezikwa ghalani. Tarehe 19 Aprili 1828 baba mtu akaenda Ghala Jekundu na chuma chake cha kazi, kile cha kusakia fuko, akawa anakichoma sakafuni hapa na pale mpaka kikagusa udongo uliolegea. Akachimba. Alichokuta ni mwanawe ndani ya gunia. Shingoni mwake mlikuwa na kitambaa cha kijani, na kitambaa kilikuwa cha Corder.

Corder alikamatwa London. Huko alikuwa ameshaoa. Mke huyo Corder alimpata kwa kutangaza gazetini kwamba anatafuta mchumba, na tangazo hilo lilimletea majibu zaidi ya 100.

Ukikisoma kisa hiki mara moja utaona kwa nini kilishika watu. Kina ahadi ya ndoa iliyovunjwa, kina uongo uliojengwa barua kwa barua, kina ndoto, na kina mzee anayemchimbua bintiye kwa chombo kile kile kilichomlisha tangu utotoni. Hakuna aliyehitaji kukitia chumvi, ingawa waliitia.

Na waliitia mapema mno. Mwezi Julai, kabla kesi haijasikilizwa, kulikuwa na maonyesho ya vikaragosi kwenye gulio la kijiji hicho hicho cha Polstead, yakimwonyesha Corder akiua. Mhubiri mmoja alikusanya maelfu karibu na ghala akawahubiria juu ya mauaji hayo. Mtuhumiwa alikuwa bado hajasimama kizimbani! Kesi ilipoanza tarehe 7 Agosti, watu waliotaka kuingia walikuwa wengi kiasi kwamba mahakama ililazimika kutoa tiketi. Jaji mwenyewe alilalamika kwamba magazeti yamemharibia mshtakiwa haki yake. Baada ya siku mbili Corder alikutwa na hatia, akakiri muda mfupi kabla ya kunyongwa, na mwili wake ukalazwa mahakamani umepasuliwa ili watu wapite kuutazama. Walipita zaidi ya 5,000. Kipande cha ngozi yake kilitumika kujaladia kitabu chenye maelezo ya kesi yake, na kitabu hicho kipo mpaka leo kwenye makumbusho ya Moyse's Hall, mjini humo humo Bury St Edmunds.

Ghala nalo halikusalimika. Inakadiriwa watu 200,000 walifika Polstead mwaka ule wa 1828 pekee. Waling'oa mbao za kuta, wakachonga vijiti vya meno na vikopo vya ugoro. Wafinyanzi wa Staffordshire wakatengeneza ghala dogo la udongo lililopakwa rangi nzuri, Maria na Corder wamesimama mlangoni kama wachumba, la kupamba sebule. Hebu fikiria hapo kidogo: mahali alipouawa binti wa watu, limekuwa pambo juu ya meko, chai inanyweka chini yake.

Aliyevuna zaidi pengine ni mchapaji wa London, James Catnach wa mtaa wa Seven Dials. Yeye alichapa karatasi moja moja zilizoitwa maneno ya mwisho ya mfungwa, na ya Corder inatajwa kuuzwa nakala zaidi ya milioni moja. Bei ilikuwa peni moja. Juu palikuwa na picha ya mtu ananing'inia, picha iliyochongwa kwenye ubao, na ubao huo ulitumika tena na tena kwa yeyote aliyenyongwa. Chini palikuwa na shairi lililoandikwa kana kwamba muuaji mwenyewe ndiye anayejuta na kuaga. Mara nyingi karatasi zilikuwa tayari zimechapwa hata kabla mtu hajapandishwa kitanzini, zikauzwa pale pale. Miaka kama 20 baadaye muuzaji mmoja wa mtaani alimwambia mwandishi Henry Mayhew kwamba katika bidhaa zote hakuna inayoshinda mauaji mazuri. Alikuwa anasema ukweli wa biashara yake.

Kwa nini wakati ule hasa? Sababu moja ni ya kawaida kabisa, nayo ni bei. Serikali ilitoza ushuru wa peni nne kwa kila nakala ya gazeti, hivyo gazeti likauzwa kama peni saba. Maskini hakuweza. Karatasi ya Catnach ya peni moja ndiyo ilikuwa gazeti la kijakazi na mchukuzi. Nayo, ili iuzike kwa mtu mwenye peni moja tu, ilibidi ibebe jambo ambalo hatalikataa.

Lakini bei haielezi hamu. Hamu yenyewe ni ya zamani kuliko karatasi, na hoja inayosikika zaidi ni kwamba watu hujifunza kujihadhari. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani, Amanda Vicary na Chris Fraley, walitoa matokeo kuhusu nani anapenda visa vya kweli vya mauaji. Walikuta wanawake wanavichagua zaidi kuliko wanaume, na huvutwa zaidi pale kisa kinapoeleza jinsi mwanamke alivyojinasua, au kilichomo kichwani mwa muuaji. Hiyo inaingia akilini. Msichana wa Suffolk aliyekuwa akitumikia nyumba za watu mwaka 1828 alikuwa na sababu ya kutaka kujua mwanamume anayeahidi ndoa huku anaisogeza mbele kila wiki anafananaje. Maria hakuuawa na jambazi porini. Aliuawa na mtu aliyekula naye, na wasikilizaji walilijua hilo.

Kwangu mimi, hata hivyo, kuna sababu nzito kuliko tahadhari. Watu wa zama zile walizikana kila siku kwa homa, kwa uzazi, kwa kifua kikuu, na vifo hivyo havikuwa na mtu wa kushika shati. Mauaji ni kifo pekee kinachokuja na jibu. Yupo aliyefanya, ipo sababu, upo ushahidi, na mwisho yupo anayelipa. Msikilizaji huingia na woga, akatoka na kitu kilichofungwa. Ndiyo maana swali la kwanza tunalouliza tukisikia mtu ameuawa ni "ilikuwaje?" kabla hata ya kuuliza ameacha nani.

Hata msibani kwetu marehemu husimuliwa. Kila anayefika huelezwa upya: aliamka salama, akanywa chai, akaaga, saa nne tukapigiwa simu. Mjomba atarudia maneno hayo mara 30 kwa siku na hakuna atakayemwambia amechosha. Lakini pale anayesimulia anamjua marehemu, na anayesikiliza amekuja na rambirambi yake. Hadithi ikitoka nje ya matanga ikaingia sokoni, hicho ndicho kinachokatika kwanza. Mnunuzi hamjui marehemu, hivyo muuzaji anaweza kumbadilisha.

Na Maria alibadilishwa. Kisa chake kiliigizwa kwenye majukwaa ya Uingereza kwa zaidi ya miaka 100, na kikawa filamu, mojawapo ya mwaka 1935. Jukwaani Maria akafanywa msichana mbichi asiyejua dunia, na Corder akafanywa bwana mkubwa mwenye ardhi, mzee kuliko yeye, anayemlaghai binti wa maskini. Ukweli ni kwamba Corder alikuwa mdogo kwa Maria kwa karibu miaka miwili, na Maria alikuwa mwanamke mzima, mama wa mtoto, aliyehangaika kuupata usalama wa ndoa kama wengi wa rika lake. Watazamaji walitaka marehemu asiye na doa ndipo wamlilie. Mimi naona huko ni kumuua mara ya pili.

Watu walioliona tatizo hili walikuwepo. Novemba 1849, mwandishi wa riwaya Charles Dickens alikwenda kushuhudia mtu na mkewe wakinyongwa London. Yeye na rafiki zake walilipa gini kumi kupata nafasi juu ya paa. Akashtushwa na vicheko na matusi ya umati, akaliandikia gazeti la The Times siku hiyo hiyo akitaka kunyonga hadharani kukome. Kulikoma mwaka 1868. Hamu haikukoma. Ilihamia yote kwenye karatasi, ambazo sasa zilikuwa rahisi baada ya ule ushuru kufutwa mwaka 1855.

Matunda yake yalionekana Whitechapel, London, mwaka 1888. Kati ya Agosti na Novemba waliuawa Mary Ann Nichols, Annie Chapman, Elizabeth Stride, Catherine Eddowes na Mary Jane Kelly. Nimewataja kwa makusudi, kwa sababu jina ambalo dunia nzima inalijua ni lile alilopachikwa muuaji, Jack the Ripper, na hilo si jina la mtu yeyote. Lilitoka kwenye barua iliyopelekwa kwa shirika la habari mwezi Septemba, na maofisa wa polisi baadaye waliamini iliandikwa na mwandishi wa habari. Muuaji hakukamatwa mpaka leo. Kisa hiki hakikupata ule mwisho wa kufungwa, na nadhani ndiyo sababu hakiachwi: watalii bado wanalipa kiingilio, wanatembezwa usiku kwenye mitaa ile.

Sasa Catnach yumo mfukoni mwetu. Ukipanda daladala utamsikia abiria anasikiliza, msimulizi anashusha sauti, muziki wa kutisha chini kwa chini, "usikose sehemu ya pili". Nami nasikiliza, nikipiga pasi jioni. Siku moja nilizima pasi kabisa ili nisipitwe na mwisho wa kisa kimoja. Nilipomaliza kukunja nguo nikagundua jina la muuaji ninalo, umri wake ninao, hata gari alilokuwa akiendesha. Jina la marehemu halikunijia. Nilirudisha nyuma kulitafuta, na lilikuwa limetajwa mara moja tu, dakika ya tatu.

Mwaka 2014 podikasti moja ya Marekani ilisimulia kwa wiki 12 mauaji ya Hae Min Lee, mwanafunzi wa sekondari wa Baltimore aliyeuawa Januari 1999. Mamilioni walisikiliza, wakajigeuza wapelelezi, wakabishana nani muongo. Kazi hiyo iliibua maswali ya kweli kuhusu haki ya kijana aliyefungwa, na hilo silipuuzi. Lakini mwaka 2022, kesi ilipokuwa tena mbele ya jaji, kaka wa Hae alizungumza kwa njia ya video akaieleza mahakama kwamba kwake hii si podikasti, ni maisha yake, na hayaishi.

Huko Polstead, Ghala Jekundu liliungua mwaka 1842. Mifupa ya Corder, iliyotumika hospitalini kufundishia wanafunzi, ilichomwa mwaka 2004 kwa heshima ya mazishi. Maria alizikwa uani kwa kanisa la kijiji, na aliwekewa jiwe. Wageni walikuwa wakilivunja kidogo kidogo, kila mmoja kipande chake cha kwenda nacho, hata likaisha. Leo pana kibao tu kwenye banda la kanisa kinachowaeleza wanaopita kwamba alizikwa jirani na hapo.