Mungu kutawala hakumfanyi mtu kikaragosi

Wengi tumelelewa na dhana kwamba ama Mungu anatawala yote na mtu hana hiari, ama mtu ana hiari na Mungu amebaki mtazamaji. Biblia haituwekei njia panda hiyo. Katika Mwanzo 50:20, Yusufu anawaambia ndugu zake kwamba wao walikusudia mabaya, na Mungu, katika tendo lilelile, alikusudia mema. Tendo ni moja, makusudi ni mawili. Wala hakuna aliyewasukuma: walimwonea wivu, wakala njama, wakamuuza. Hatia ni yao. Petro anasema vivyo hivyo katika Matendo 2:23: Yesu alitolewa kwa shauri la Mungu, lakini waliomsulubisha walitenda uovu.

Hata Ungamo la Westminster la 1646, tamko la imani la makanisa ya Kipresbiteri, linalodhaniwa kufuta hiari, linasema Mungu ameamuru yote yatokeayo bila kuulazimisha utashi wa viumbe. Waarminio, yaani wafuasi wa mafundisho ya mwanateolojia Arminio, wanalipinga; kwao Mungu huchagua watu wa kuokolewa kwa kujua tangu awali nani ataamini. Huo ni mjadala wa kweli, nami nauheshimu, ila kikaragosi hakimo upande wowote.