Ile si rangi, ni kioo
Wengi wakiona sufuria nzito ya kampuni ya Le Creuset, ile ya rangi ya chungwa, hudhani chuma kimepakwa rangi tu, na iko siku itabanduka iingie kwenye mchuzi. Sivyo. Ile ni enameli: unga wa kioo uliokorogwa na maji, ukanyunyiziwa chuma cha kusubu, kisha ukachomwa tanuruni kwa nyuzi karibu 800 mpaka ukayeyuka na kushikamana nacho. Wabelgiji wawili, Armand Desaegher msubu chuma na Octave Aubecq fundi wa enameli, walianzisha kampuni hiyo Fresnoy-le-Grand, Ufaransa, mwaka 1925. Kioo hakipati kutu, wala nyanya na ndimu hazikitishi. Kinachokiua ni pupa: sufuria ingali moto, unaimwagia maji baridi. Tak! Ufa huo.