Furu adimu kwenye tenki, na kwa nini nakataa kuwachanganya

Wadau, swali ninaloulizwa zaidi ni lile lile. Mtu ana tenki sebuleni, kashanunua taa, kashapanga mawe, sasa anataka furu, wale samaki wadogo wa ziwa Victoria, wa rangi rangi, mwekundu mmoja, wa bluu mmoja, wa njano mmoja, wapendeze wageni wakija. Jibu langu ni hapana, na najua linakera, kwa hiyo leo naeleza kwa kirefu.

Furu watu wa Mwanza mnamjua, na wenzetu Wajaluo wanamwita fulu. Ziwa Victoria lilikuwa na spishi zaidi ya 500 za hawa jamaa na karibu zote hazipatikani kwingine duniani, alafu ziwa lenyewe liliwahi kukauka likajaa upya kama miaka 15,000 iliyopita, yani hao wote wamegawanyika juzi tu kwa hesabu za mageuzi. Hapo ndo penye shida yetu sisi wafugaji. Ukimweka dume wa spishi hii na jike wa spishi ile wanazaa, na watoto nao wanazaa vizuri tu, sio kama punda na farasi ambao mtoto wao anaishia hapo hapo. Ndani ya vizazi viwili vitatu una tenki zima la chotara na ile mbegu uliyoanza nayo haipo tena.

Ziwani nako yamewakuta. Sangara, yule samaki mkubwa anayekula wenzake, aliletwa miaka ya 1950 na 1960, miaka ya 1980 akalipuka, na furu ambao walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ziwani wakafyekwa, inakadiriwa spishi kama 200 zimepotea. Hiyo habari wengi mnaijua. Isiyosemwa sana ni ya tope. Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba kule maji yalikochafuka furu wana rangi zilizofifia na spishi ni chache, kwa sababu jike wa furu anachagua dume kwa rangi, sasa kama haoni rangi atachaguaje? Walijaribu pia maabara wakiwa na Pundamilia nyererei, yule dume mwekundu mgongoni aliyepewa jina la Mwalimu mwaka 1985, na ndugu yake Pundamilia pundamilia ambaye ni wa bluu bluu. Kwenye mwanga wa kawaida kila jike anamfuata dume wa kwake, ukiweka mwanga wa rangi moja tu jike hana tena habari, yeyote sawa.

Kwa hiyo zile taa za bluu au zambarau mnazonunua ili samaki wang'ae kwenye picha, kwa furu toeni. Weka taa nyeupe ya kawaida. Na hata ukiwa na taa nzuri usijidanganye, jike aliyeiva mayai akikosa dume wa kwake atataga na aliyepo. Madume utawatofautisha, majike je? Majike wa spishi nyingi ni wale wale, kijivu chenye unjano kidogo, mistari imefifia, hata mimi ukinichanganyia kwenye ndoo sikubali kukutajia yupi ni yupi. Ndo maana muuzaji akikwambia "hawa mchanganyiko, bei nzuri", mwachie mwenyewe.

Sheria yangu ni spishi moja ya furu tenki moja, na sio spishi tu, eneo pia. Nyererei wa kisiwa cha Makobe sio sawa na wa visiwa vya Python vilivyo ghuba ya Mwanza, kwa hiyo andika kwenye kioo walikotoka, na asiyejua samaki wake walitoka wapi afuge kwa kujifurahisha lakini asigawe mbegu.

Tenki lenyewe anza na lita 200 kwenda juu, dume mmoja na majike watano sita, au kama una nafasi kubwa weka madume wengi ili ugomvi ugawanyike. Madume wawili kwenye tenki dogo ni vita, mmoja atajibanza kona ya juu, rangi zote zimemtoka, na usipomtoa atakufa. Mawe ya kutosha, mchanga chini, filta ya sponji, joto nyuzi 24 hadi 27. Chumvi za madini wanazowekewa samaki wa ziwa Tanganyika msimwekee, maji ya Victoria hayana madini mengi namna ile. Maji ya bomba toa klorini kwanza, na usiweke samaki kabla filta haijajenga bakteria wake wa kusafisha uchafu wa samaki. Chakula usizidishe, na nyama ya ng'ombe kabisa usimpe, tumbo linavimba na mara nyingi akishavimba harudi. Umeme ukikatika kinachoua haraka ni hewa kuisha, pampu ndogo ya hewa ya betri isikosekane nyumbani.

Sasa utamu wenyewe. Dume akishachukua eneo anachimba kishimo mchangani, anamwendea jike, anatanua mapezi, anatetemeka mwili mzima kama ana homa, anarudi kishimoni kuona kama anafuatwa. Jike anataga yai moja moja na kuliokota hapo hapo kwa mdomo. Pezi la chini la dume lina madoa ya machungwa yanayofanana kabisa na mayai, jike anadhani ameacha mengine, anayadonoa, na hapo anapata mbegu ya dume mdomoni. Aisee nimeliona mara nyingi na bado huwa naacha chai inapoa. Baada ya hapo jike anakaa na mayai mdomoni, kidevu kinatuna, taya linatafuna tafuna taratibu anayageuza, na anakaa bila kula karibu wiki tatu. Mhamishe taratibu kwenye tenki dogo peke yake, akishatema vifaranga mlishe siku kadhaa kabla hujamrudisha, maana dume hana huruma na jike aliyekonda.

Kuna mmoja namtamani sana, Xystichromis phytophagus wa ziwa Kanyaboli kule Siaya, Kenya, madume ni wekundu na kijani na manjano yote kwa pamoja. Kanyaboli ni kiziwa kidogo kwenye kinamasi cha Yala, sangara hakuingia, kwa hiyo mle kuna samaki waliopotea ziwa kubwa, ngege wa asili akiwemo. Lakini kwenda na nyavu kujichotea hapana jamani, pita ofisi ya uvuvi kwanza uulize kibali.

Vifaranga wakizidi gawa kwa wafugaji wawili watatu unaowaamini, ili kwako ikitokea balaa mbegu ibaki kwingine. Kurudisha ziwani usithubutu, hata kama unaona unafanya wema, hujui umebeba ugonjwa gani na hujui utamchanganya na nani. Na kama tayari una chotara mia kwenye tenki na hujui uwapeleke wapi, furu mkavu wa kukaanga na ugali haulizi spishi.