Kima, papa na bendera ya kijani: kufundisha usimbaji kwa hadithi

Mtambaji akisema "Paukwa!" watoto hujibu "Pakawa!" Hakuna anayejibu kabla ya kuitwa, na ukibadilisha neno la mwito hutapata jibu lile. Programu ya kompyuta nayo iko hivyo: kipande cha msimbo, yaani maagizo tunayoipa kompyuta, hukaa kimya mpaka kisikie mwito wake, tena mwito wenyewe hasa, si unaofanana nao. Mtoto aliyelelewa kwa hadithi analijua jambo hili kabla hajagusa kibodi.

Maelezo haya ni ya walimu wa darasa la nne hadi la saba na wasimamizi wa klabu za kompyuta shuleni. Programu tunayoitumia ni Scratch, ya bure, iliyotolewa mwaka 2007 na maabara ya Media Lab ya chuo cha MIT, Marekani. Mtoto hatungi mistari ya msimbo kwa kuandika herufi. Anapachika vipande vya rangi, kimoja chini ya kingine: vya buluu husogeza mhusika, vya zambarau humfanya aseme au abadili sura, vya njano huanzisha mambo. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zake. Maneno utakayoyakuta kwenye vipande huenda yakatofautiana kidogo na tuliyotumia hapa, kwa hiyo fuata rangi.

Tunapendekeza hadithi kwa sababu moja kubwa, na si ile ya kwamba watoto huzifurahia. Mtoto anaijua hadithi inavyotakiwa kwenda. Programu ya hesabu ikitoa 37 badala ya 42, anasubiri mwalimu amwambie kama amekosa. Lakini kima akijibu swali ambalo papa hajauliza, darasa zima litaona. Kosa linaonekana kwa macho, na anayeliona kwanza ni yule aliyelifanya. Mwalimu mwenye wanafunzi 50 na kompyuta 10 atathamini hilo haraka.

Ushahidi upo pia. Caitlin Kelleher, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, alilinganisha aina mbili za programu ya kufundishia usimbaji iitwayo Alice, moja ya kawaida na nyingine iliyotengenezwa kwa ajili ya kutunga hadithi, akiwatumia wasichana 88. Waliopewa ya hadithi walitumia muda mrefu zaidi kwa asilimia 42 katika kupanga programu yenyewe, na dhana za msingi walizielewa sawa na wenzao. Katika shule ambako wavulana ndio wanaowahi kipanya, matokeo hayo yana uzito.

Hadithi tunayoichukua ni ya kima na papa, inayojulikana pwani yote. Kima yuko juu ya mkuyu ulioinamia bahari, kila siku anamtupia papa makuyu. Papa anamwalika kwao. Wakifika katikati ya bahari anamwambia kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba moyo ameuacha mtini, warudi wakauchukue. Akishafika mtini hashuki tena. Ina wahusika wawili tu, ina jambo linalorudiwa, ina kitu cha kuhesabu, ina safari ya kwenda na kurudi, na ina uamuzi. Ukichagua hadithi nyingine, ipime kwa vigezo hivyo. Isiyo na marudio wala uamuzi huishia kuwa mlolongo wa "sema" na "subiri", na mtoto atamaliza muhula akiwa amejifunza kupanga picha tu.

Kipindi cha kwanza hakihitaji umeme. Andika matukio ya hadithi kwenye kadi 12, kila kundi la watoto wanne lipate seti moja iliyochanganywa, walipange. Kisha chora jukwaa chini kwa chaki: miraba 8 kwa upana na 6 kwa urefu. Jukwaa la Scratch lina upana wa 480 na urefu wa 360, kwa hiyo kila mraba ni 60, na katikati, pale mistari inapokatana, ndipo sifuri. Kulia x inaongezeka hadi 240, kushoto inashuka hadi -240. Juu y inafika 180, chini -180. Mtoto mmoja awe kima asimame x -120, y 90: miraba miwili kushoto, mmoja na nusu juu. Mwingine awe papa, x -120, y -110. Wa tatu awe kuyu. Wa nne asome amri, na wenzake wazitii kama zilivyo. Akisema "anguka" bila kutaja kiasi, kuyu asisogee. Hapo ndipo watoto wanapogundua kwamba "anguka" si amri kamili, na ni heri wagundue hilo sakafuni kuliko mbele ya skrini.

Kwenye kompyuta, sakinisha Scratch ya kutumia bila intaneti. Faili moja la kusakinishia ukilibeba kwenye flashi linatosha kompyuta zote za aina moja. Maktaba yake ina kima na papa tayari. Tunda la tufaa litafaa kuwa kuyu. Punguza ukubwa wa kila mmoja hadi asilimia 50. Toa dakika 10 za kuchagua sura na mandhari, kisha funga mjadala huo. Bila mpaka, kipindi kizima kitaishia kwenye kuchagua rangi ya bahari.

Watoto watatu kwa kompyuta moja ndio wastani mzuri: mmoja anashika kipanya, mmoja anasoma kadi, mmoja anakagua. Kila dakika 10 wabadilishane. Zamu hizo usiziachie watoto wenyewe, piga kengele.

Anza na makuyu. Msimbo wa kuyu, chini ya kipande cha bendera ya kijani (ndiyo inayobonyezwa ili programu ianze), ni huu:

weka idadi iwe 0
rudia mara 5:
– nenda x -120, y 90
– onyesha
– rudia mara 10: badili y kwa -20
– kama linamgusa Papa, ongeza idadi kwa 1
– ficha
– subiri sekunde 1

Hatua 10 za 20 ni 200, na kutoka 90 kushuka hadi -110 ni 200. Waache watoto waipige hesabu hiyo wenyewe, maana hapa hesabu inawaonyesha mahali tunda litakapotua. Idadi ni kigeu, yaani kapu lenye jina linaloweka namba moja kwa wakati.

Kosa utakaloliona karibu kila kundi ni kuweka "nenda x -120, y 90" nje ya marudio. Kuyu la kwanza linaanguka vizuri. La pili linaanzia pale la kwanza lilipoishia, linazidi kushuka, na linakwama ukingoni mwa chini, kwa kuwa Scratch haimruhusu mhusika atoke jukwaani kabisa. Usiwasahihishe. Waulize kuyu la pili linatoka wapi katika hadithi. Watasema mtini, nao watakihamisha kipande wenyewe. Ndugu wa kosa hili ni kusahau "weka idadi iwe 0": mara ya pili bendera ikibonyezwa, papa anaanza akiwa ameshakula matano. Kila kinachobadilika katika hadithi lazima kirudishwe mwanzoni, iwe ni mahali, mandhari, kuonekana au namba. Wasiporudisha, watoto watakwambia kompyuta imeharibika.

Sasa mazungumzo, ambayo ndiyo moyo wa somo. Kila mhusika ana msimbo wake, na bendera ikibonyezwa wote huanza pamoja. Kwa hiyo papa na kima wanasema kwa mpigo mmoja. Watoto wataziba tatizo kwa kusubiri: papa anasema kwa sekunde 2, basi kima asubiri sekunde 2 kisha aseme kwa 3, papa naye asubiri 3. Inafanya kazi. Halafu mmoja anaongeza sentensi ya papa kuwa sekunde 4, na kuanzia hapo kila mtu anamkatiza mwenzake. Waache wafike kwenye usumbufu huo, ndipo uwarudishe kwenye paukwa na pakawa. Papa akimaliza kusema, atume ujumbe uitwao "zamu ya kima". Msimbo wa kima uanze na kipande cha njano kinachopokea "zamu ya kima". Akimaliza, atume "zamu ya papa 2". Sekunde zikibadilika, mpangilio haubadiliki.

Namba 2 ile ina maana yake. Ujumbe ukitumwa tena, msimbo unaoupokea huanza upya kutoka juu. Kundi linalotumia majina mawili tu, "kima" na "papa", litajikuta na mazungumzo yasiyokwisha, kila mmoja akirudia sentensi yake ya kwanza. Kosa jingine ni kutuma "safari" huku mpokeaji akiwa bado anasikiliza jina ambalo Scratch iliweka yenyewe. Hakuna onyo lolote litakalotokea. Mhusika ataduwaa tu. Mkaguzi wa kundi asome majina yote mawili kwa sauti.

Katikati ya bahari papa anageuka kurudi pwani. Watoto wataweka mwelekeo -90, yaani kushoto, na papa ataelea tumbo juu kama samaki aliyekufa. Kompyuta haijakosea: imemzungusha nusu duara kama ilivyoagizwa. Weka aina ya mzunguko iwe kushoto na kulia, naye atageuza uso bila kupinduka.

Pale papa anapoambiwa moyo umebaki mtini, weka kipande cha kuuliza: "Turudi? Jibu ndiyo au hapana." Kama jibu ni ndiyo, tuma "kurudi", la sivyo, tuma "kwa sultani". Sasa hadithi ina miisho miwili, na wa pili wanautunga wao. Scratch haijali herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo "NDIYO" itakubalika. Lakini nusu ya darasa itaandika "ndio", na kima atapelekwa kwa sultani. Tatua kwa kipande cha kijani cha "au" kinachokubali tahajia zote mbili, au waambie watazamaji wajibu kwa 1 au 2. Nafasi iliyobonyezwa kwa bahati mbaya baada ya neno nayo huharibu jibu, na haionekani kwa jicho.

Kwa watoto wa miaka 5 hadi 7 ipo ScratchJr ya vishkwambi, isiyodai kujua kusoma. Mradi mmoja una kurasa zisizozidi 4, na hadithi hii inaingia bila kubanwa: mkuyu, safari, katikati ya bahari, mkuyu tena.

Scratch ya bila intaneti haihifadhi kazi yenyewe. Umeme ukikatika, kilichopotea kimepotea, basi ile kengele ya kubadilishana zamu iwe pia ya kuhifadhi. Jina la faili libebe darasa, kundi na wiki, mfano 5B-kundi3-wiki2, na kila wiki iwe na faili lake ili kundi likivuruga msimbo liwe na pa kurudi.

Unapopima, usitazame picha. Fungua msimbo, uliza: hii -20 ikiwa -40, nini kitatokea? Aliyeelewa atasema kuyu litampita papa na kukwama chini. Asiyejua abadilishe namba, abonyeze bendera, aone. Katika kipindi cha mwisho makundi yabadilishane mafaili. Kila kundi lisome msimbo wa wenzake na kuandika kwenye karatasi linachotarajia kuona, sentensi kwa sentensi, kabla bendera ya kijani haijabonyezwa.