Osmosisi Kinyume: Maji ya RO kwa Mkulima wa Okidi

Osmosisi kinyume, au RO kama wanavyoiita mafundi na wakulima wa maua, ni njia ya kuyatenga maji na chumvichumvi zilizoyeyuka ndani yake. Maji husukumwa kwa presha kwenye utando mwembamba mno. Yenyewe hupenya, chumvichumvi hubaki nyuma. Kwa mwenye okidi, hii ndiyo njia ya kupata maji yanayokaribia ya mvua hata msimu ambao mvua haipo.

Kwa nini mvua? Okidi nyingi zinazooteshwa nyumbani, kama Phalaenopsis, Cattleya na Vanda, asili yake ni kukaa juu ya matawi ya miti, mizizi ikining'inia hewani. Mizizi hiyo imevikwa ngozi nyeupe kama sponji, iitwayo velameni. Imwagie maji uitazame: rangi ya fedha hugeuka kijani papo hapo, kwa sababu sponji imejaa na kijani cha ndani kimejitokeza. Inachofyonza si maji tu, ni pamoja na kila kilichomo. Juu ya mti hakuna ubaya, maana maji ya mvua karibu hayana kitu. Kwenye chungu ni mambo mengine. Tuseme lita moja ya maji yako ya bomba ina miligramu 400 za madini. Maji yatanyonywa na kukauka, lakini sehemu kubwa ya madini itabaki pale pale, na kesho unaongeza mengine. Ni ule ukoko mweupe wa ndani ya birika, safari hii umeganda kwenye magome ya miti yanayojazwa chunguni na juu ya mizizi. Ncha za mizizi husinyaa na kuwa nyeusi, ncha za majani zinaungua, na mwenye mmea akidhani una kiu anazidisha maji yale yale. Phalaenopsis huvumilia kwa muda mrefu. Okidi nyingine, kama Masdevallia na Phragmipedium, hazina subira hiyo.

Kwa hiyo pima kwanza. Kipimo cha TDS ni kifaa kidogo cha kuchovya, na namba yake hukadiria miligramu za vitu vilivyoyeyuka katika lita. Ukisoma chini ya 100, mimi nisingenunua mtambo. Ningeumwagia mmea maji mengi yapitilize chini ya chungu na kuendelea na kazi.

Sasa dhana yenyewe. Loweka zabibu kavu ifure: maji yamevuka ganda kwenda kwenye sukari nyingi ya ndani. Hiyo ndiyo osmosisi, maji kuvuka utando kuelekea upande uliokolea zaidi. Mfaransa Jean-Antoine Nollet aliiona mwaka 1748 alipotumia kibofu cha nguruwe kama utando kati ya pombe kali na maji, kibofu kikavimba. Mvuto huo una nguvu inayopimika kama presha. Ukiusukuma upande wa chumvi kwa presha inayouzidi, maji hugeuza njia na kutoka kwenye chumvi. Neno "kinyume" limetoka hapo. Kwa maji ya bahari unahitaji kushinda bar 27 hivi (bar ni kipimo cha presha), ndiyo maana mitambo ya pwani ina pampu kubwa. Kwa maji ya bomba ya kawaida mvuto haufiki hata bar moja, na presha ya bomba la nyumbani inaweza kutosha.

Kilichochelewesha mambo ni utando. Mwembamba ulipasuka, mnene ulipitisha maji matone kwa matone. Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ndio waliopata ufumbuzi mwishoni mwa miaka ya 1950: ngozi nyembamba sana iliyoegemea tabaka nene lenye vinyweleo. Kufikia 1965 mji wa Coalinga, California, ulikuwa na mtambo wa namna hiyo.

Ukishauelewa utando, mabomba yanajieleza yenyewe. Utando wa siku hizi ni wa poliamidi, na klorini huuharibu. Kwa hiyo maji lazima yapite kwanza kwenye filta ya mkaa. Mchanga na kutu vitauziba. Kwa hiyo kabla ya mkaa kuna filta ya mashapo, mara nyingi ya mikroni 5. Nyumba ya utando yenyewe ina midomo mitatu: maji yanapoingia, maji safi yanapotoka, na maji ya taka yanapokwenda. Huo wa tatu huwakera watu, kwa kuwa kwa kila lita moja safi hutoka lita tatu au nne za taka. Tafadhali usiuzibe. Maji hayo ndiyo yanayosomba chumvi kutoka usoni mwa utando, na ukiyazuia zitaganda hapo hapo. Yakinge ufulie au uoshee sakafu.

Presha isipungue psi 40, yaani karibu bar 2.8; 60 ni bora. Ikiwa chini ya 40, weka pampu ya kuongeza presha. Kumbuka pia kwamba uwezo ulioandikwa kwenye utando, mathalani galoni 75 au lita 280 hivi kwa siku, hupimwa kwa maji ya nyuzi 25. Maji ya baridi hupenya polepole zaidi.

Tangi la kukingia maji safi liwe la plastiki, lisilopitisha mwanga ili mwani usiote, na liwe na koki ya boya ya kufunga maji likijaa, pamoja na vali ya kukata maji yanayoingia kwenye mtambo. Bila vali hiyo taka itaendelea kumwagika usiku kucha. Yale matangi madogo ya presha yanayowekwa chini ya sinki siyapendi kwa kazi hii, kwa sababu yanasukuma maji nyuma na utando hufanya kazi vibaya. Tangi la kwanza la maji limwage, maana utando mpya huja na dawa ya kuuhifadhi.

Kisha pima tena. Maji yaliyoingia yakisoma 400 na kutoka yakisoma 12, utando umezuia asilimia 97. Andika hiyo 12 ukutani kwa kalamu. Siku itakapopanda hadi 40, tazama presha na filta kwanza, halafu fikiria utando mpya.

Jambo la mwisho huwapata wengi: maji ya RO ni matupu. Pamoja na sodiamu, yamepoteza kalsiamu na magnesiamu ambazo mmea unazihitaji, na mbolea nyingi za kawaida hazina kalsiamu kwa kuwa zilitegemea ya bomba. Chuo Kikuu cha Michigan State kilitengeneza mbolea ya 13-3-15 (namba za nitrojeni, fosforasi na potasiamu) yenye kalsiamu na magnesiamu mahususi kwa maji ya aina hii. Usipoipata, changanya RO na maji kidogo ya bomba, kisha chovya kipimo kwenye ndoo kabla ya kumwagilia.